Sauti ya Bibi Ndani ya Seva ya Mjomba

Kibanda cha mjomba, mdogo wake mama, kilikuwa karibu na soko, hapa Sumbawanga mjini. Siku hizi ni saluni. Kila nikipita nasikia harufu ya dawa ya nywele pale palipokuwa pananukia vumbi la kompyuta lililopata moto, na naapa naikumbuka hata harufu ile. Watu walikuja na memori kadi zao, wakataja kwaya wanazozitaka, mimi na mjomba tukawaingizia. Nilikuwa nimeishia kidato cha nne, ila nikikaa mbele ya skrini ile nilijiona rubani.

Nyimbo zote zilikaa kwenye seva, kompyuta kubwa ya kuhifadhia mafaili, ambayo mjomba aliinunua mnadani ikiwa kuukuu na nzito kama gunia la mahindi. Iliendeshwa na mfumo huria, ule unaotengenezwa na watu wa kila pembe ya dunia na kugawiwa bure. Humo humo mlikuwa na kitu kimoja kisichouzwa: sauti ya bibi, mama yao mama na mjomba, akiimba huku anasaga ulezi kwenye jiwe. Nilimrekodi mwenyewe kwa simu, nyumbani kwake Kasense. Simu ile ilishatumbukia kwenye ndoo ya maji. Nakala ilibaki hiyo moja.

Mwaka ulipokaribia kutimia tangu bibi atutoke, mama alitaka sauti ile isikike pale nyumbani baada ya misa ya kumbukumbu. Akaloweka ulezi wa pombe. Kwetu hiyo ndiyo kalenda: ulezi ukishalowekwa utaota, utaanikwa, utasagwa, utapikwa, na wageni watakuja, uwe tayari usiwe tayari.

Na kabla ya wageni, nyumba hukandikwa upya. Mjomba alienda kusaidia, akarudi kibandani na udongo bado kwenye viwiko, macho yanamng'aa.

"Mpwa wangu, nyumba ya mama imependeza! Na hii nayo tuikandike."

"Tuikandike seva?"

"Tuiwekee toleo jipya la mfumo. Sauti ya mama itokeje kwenye mashine yenye nyufa?"

Nilicheka, lakini moyoni nikaona ni heshima. Mfumo ulikuwa na diski yake ndogo. Nyimbo zilikuwa kwenye diski nyingine nne. Tukaufuta wa zamani, tukaweka mpya. Seva ikawaka, skrini ikameremeta kama ukuta mbichi. Tukafungua mahali pa nyimbo. Patupu. Diski zote nne hazionekani.

Mjomba akakaa juu ya kreti ya soda. "Nimemfuta mama," akasema.

"Hujamfuta, mjomba. Ona, taa za diski zinawaka."

Nikaanza kupekua kwenye simu yangu, kwenye kurasa ambako watu wanaotumia mfumo ule huulizana shida zao. Nikaelewa polepole. Diski zetu ziliunganishwa kupitia kadi ya zamani, na kila kifaa huhitaji draiva, programu ndogo ya kuufanya mfumo uelewane nacho. Toleo jipya lilikuwa limeitupa draiva ya kadi yetu, kwa sababu kadi zenyewe zimezeeka. Nikamkumbuka bibi hospitalini, daktari hajui Kifipa, bibi Kiswahili kinamgomea, mimi nimekaa katikati yao natafsiri. Kumbe nilikuwa draiva!

Mama akapiga simu. "Ulezi umeshaota. Sauti iko wapi?"

"Iko njiani, dada," mjomba akajibu.

"Njia gani? Kutoka mjini hadi Kasense hata kuku anafika!"

Kupakua mfumo mzima wa zamani bando letu lisingetosha. Lakini watu wa kujitolea walikuwa wamezitunza zile draiva zilizotupwa, na yetu ilikuwa ndogo kuliko wimbo mmoja. Mjomba akachagua iliyo mpya kuliko zote. Tukaiweka. Mfumo ukaikataa.

"Mjomba, mpya tena?"

"Sasa mtu achague ya zamani makusudi?"

Ikabidi nisome tena. Kila draiva ilitengenezwa kwa ajili ya toleo moja tu la kiini cha mfumo, yaani sehemu yake ya ndani kabisa, na namba ya draiva na ya kiini lazima zifanane. Nikaiuliza seva namba ya kiini chake, nikamsomea mjomba, naye akashuka na kidole kwenye orodha ya draiva mpaka karibu na mwisho, maana kiini chetu kilikuwa cha mwanzo mwanzo wa toleo lile jipya. Tukaiweka hiyo. Diski ya kwanza ikajitokeza, ya pili, halafu zote. Mjomba hakusubiri hata kusikiliza. Alikamata kila memori kadi iliyokuwa mezani, zikiwemo za wateja, akamnakili mama yake kwenye zote.

Siku yenyewe tuliweka spika kwenye kibaraza cha Kasense, kuta bado zinanukia udongo. Upepo wa kwetu mnaujua, watu walikuwa wamejifunika mablanketi. Jiwe likaanza kukwaruza, bibi akaimba, wazee wakasogea karibu na spika, vikombe mkononi. Nilikuwa nimesahau kwamba katikati ya wimbo bibi anakatisha na kufoka:

"We mwanangu, ulezi unamwagika huku! Lete ungo!"

"Abee, mama!" mama akaitikia kutoka jikoni.

Akatoka mbio. Ungo ulikuwa mkononi.