Ufa Kwenye Gongo la Niyitegeka

Ukitaka kumchekesha Bazilio fundi mipini, mwulize ni bao gani lilikuwa tamu kuliko yote mwaka ule Kasulu ilipokaribia kuchukua kombe la mpira wa magongo. Atakutajia la Nyakitonto, siku ya mvua, Mwalimu Mansuri alipoupiga mpira uliozama kwenye tope, mpira na tope lake vyote vikaingia golini. Atakutajia siku ya Gwarama, Omary golikipa kajifunga godoro la sponji miguuni kwa mipira ya baiskeli. Mkwaju wa tano ulizama humo humo ndani ya sponji, refa akautafuta mpira uwanja mzima. Hapo Bazilio atacheka mpaka akohoe. Lakini mwulize habari ya siku ya mwisho, uone! Atachukua tupa aanze kunoa msumeno ambao aliunoa jana.

Basi hiyo ya siku ya mwisho acha tuisimulie sisi. Yeye kanywea, sisi midomo tunayo.

Mwaka ulikuwa wa tisini na mbili. Mchezo wenyewe uliletwa na Mwalimu Mansuri, mtu wa Tanga, aliyehamishiwa Kasulu akiwa na magongo sita na mpira mmoja mweupe, mgumu kama jiwe. Watu walicheka: wanaume wazima, wengine wana wajukuu, wanafukuzana na fimbo! Miezi haikupita mingi, magongo manne yakavunjika, mwalimu akapelekwa kwa Bazilio.

Bazilio alivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, kijana mwenye shoka na shati moja. Kasulu ikamjua kwa mipini ya majembe. Alilitazama gongo la mwalimu, akaligeuza, akasema, "Hili wamelipinda kwa moto. Mti uliopindwa huvunjika. Uliopinda wenyewe hauvunjiki." Akaenda akachimba mpera pamoja na mzizi wake, pale shina linapogeuka kuwa mzizi, akachonga gongo ambalo mwalimu alilipiga juu ya mwamba na halikufanya kitu. Lile la kwanza Bazilio hakuliuza. Alilipaka mawese mpaka likawa jekundu, akawa anakwenda nalo kila mechi, anapigia debe kushangilia. Tangu siku hiyo timu zote nne za huko juu, Kasulu, Kibondo, Nyakitonto na Gwarama, zilichezea magongo yake.

Sasa huku kwetu mtu hanunui mpini bila kuugonga. Unaupiga kwenye jiwe, unatega sikio. Mti mzima unalia, wenye ufa unakohoa. Mbele ya kibanda cha Bazilio lilikuwapo jiwe la kazi hiyo, lakini lilikuwa limeota ukoka. Nani amgongee Bazilio mpini wake? Ungekuwa umemtukana.

Shida ilianzia Kibondo, mwezi wa sita. Kasulu walikwenda na lori wakiimba, wakarudi wamenyamaza, matatu bila. Yote matatu alifunga mtu mmoja, Niyitegeka, mkulima wa kahawa, mrefu, mpole, ambaye akipiga mpira huuoni, unasikia tu ubao wa goli. Vijana wa Kibondo wakamnyang'anya Bazilio debe lake wakalipiga wao. Niyitegeka mwenyewe alilirudisha akiomba radhi, na hilo ndilo lililomuuma Bazilio zaidi. Afadhali angetukanwa.

Mwezi wa nane, wiki mbili kabla ya fainali, Niyitegeka alitokea kibandani kwa baiskeli, vumbi hadi kwenye nyusi, na kopo la asali ya masega.

"Mwakeye, fundi," akamsalimu kwa Kirundi. "Gongo langu limechoka. Nakuomba unichongee jingine la fainali. Na hii ni ya mama nyumbani."

Haya basi. Siku hiyo palikuwa na miti miwili mikavu inayofaa. Mmoja mzima. Mwingine ulikuwa na ufa kwenye kona, pale unapopinda, mwembamba, umeingia ndani. Bazilio alijua. Alikaa akiitazama miti ile, akalikumbuka debe lake mikononi mwa watoto wa Kibondo, akauchukua wenye ufa. Alichonga vizuri sana, tena vizuri kuliko siku zote, kama mtu anayemvisha maiti. Kisha akaushindilia ule ufa kwa nta na unga wa mbao, akapitisha moto kidogo, akapaka mawese. Hata wewe usingeuona.

Mkewe Ntirampeba alikuwa mlangoni na ungo wake wa maharage.

"Nta hiyo umeitoa wapi?"

"Kwenye masega."

"Masega ya nani?" Bazilio akaendelea kulipangusa gongo. "Mana yanje, Mungu wangu! Bazilio, unamziba mtu macho kwa asali yake mwenyewe?"

"Ni mchezo tu, mama. Litavunjika, atatoka nje, basi. Nani kafa?"

"Likivunjika kitakwenda wapi hicho kichwa chake? Kitakaa chini kisubiri?"

"Wewe unajua nini habari za magongo?"

"Sijui magongo. Nakujua wewe." Akaingia ndani, na tangu siku hiyo alimpa chakula bila neno. Mwanamke wa Kirundi akinyamaza, mwenye nyumba huomba hata atukanwe.

Niyitegeka alipokuja kulichukua, Bazilio alisimama mbele ya lile jiwe. Agonge tu, akajisemea, agonge liishe. Niyitegeka akalipima mkononi, akatabasamu.

"Hugongi?" Bazilio akauliza.

"Nigonge kwa nini? Si umechonga wewe?"

Akapanda baiskeli akaondoka.

Siku ya fainali Kasulu nzima ilikuwa uwanjani. Hesabu ya pointi ilikuwa nyepesi: Kasulu lazima ishinde, Kibondo sare inawatosha. Bazilio alikuwa mahali pake pa siku zote, kando ya mstari, usawa wa katikati ya uwanja, debe miguuni, gongo jekundu mkononi. Na ndipo alipoona jambo ambalo miaka yote hakuwahi kuliona. Watu walikuwa wamekaa hadi kwenye mistari. Wanawake na watoto mgongoni, wazee kwenye vigoda, hatua tatu kutoka mahali magongo yanapopita.

Filimbi ikalia. Dakika ya kumi Mwalimu Mansuri akafunga, Kasulu wakalipuka. Bazilio akanyanyua mkono kupiga debe, na mkono ukabaki juu, kwa sababu Niyitegeka alikuwa anaukimbilia mpira upande wa akina mama. Akainua gongo. Bazilio akafumba macho. Ta! Mpira ukaenda, gongo likabaki zima.

"Mzee Bazilio, leo umemeza debe?" watu wakamtania.

Akajichekesha. Kila Niyitegeka alipoinua gongo, Bazilio alikufa kidogo, na likishuka salama alifufuka. Kibondo wakasawazisha. Kasulu wakaongeza la pili, bao tamu ajabu, watu walilizungumza mwaka mzima, na Bazilio hakuliona. Alikuwa anatazama kona ya gongo la mtu mwingine, na pale aliona mstari. Mweupe, mwembamba kama uzi. Nta ilikuwa inatoka.

Kipindi cha pili, Ntirampeba alinyanyuka kati ya wanawake wenzake. Akakunja mkeka wake taratibu, akazunguka uwanja, akautandika nyuma ya goli la Kasulu, nyuma ya Omary, sawasawa na mahali ambapo Niyitegeka alikuwa analenga. Akakaa, akanyoosha miguu, akamtazama mumewe. Hakusema neno. Mke hamvui mume nguo mbele ya watu. Ila kama mumewe ameamua gongo lile liruke, basi limkute yeye.

Bazilio akamwashiria kwa mkono: ondoka hapo! Mwanamke akatengeneza kanga yake, akatulia.

Zilikuwa zimebaki dakika mbili, mbili kwa moja, kombe lipo mezani linametameta, refa alipopiga filimbi. Kona ya adhabu kwa Kibondo. Asiyeijua hiyo aambiwe: mpira unasukumwa kutoka mstari wa goli hadi kwenye ukingo wa duara, mmoja anautuliza, na mpigaji anaupiga kwa nguvu zote alizopewa na mama yake. Mbele yake wamesimama golini mabeki na kipa. Mpigaji alikuwa Niyitegeka. Kipa alikuwa Omary, muuza duka, ana godoro miguuni na usoni hana kitu. Nyuma ya Omary, juu ya mkeka, mama wa watoto watano.

Likivunjika, Kasulu ni mabingwa. Bazilio alilijua hilo, tusimsingizie utakatifu. Alilitamani kombe lile mpaka meno yalimuuma. Niyitegeka akatemea viganja vyake mate. Akarudi nyuma hatua moja.

"Simama!"

Bazilio alikuwa ameshaingia uwanjani, anakimbia, debe limepinduka nyuma yake. Refa akapiga filimbi, watu wakapiga kelele, mzee kapagawa! Yeye akamfikia Niyitegeka, akalishika lile gongo, akakimbia nalo hadi golini, akalipiga mara moja kwenye mwamba wa goli. Likakohoa likakatika. Kichwa chake kikaruka juu ya mabeki, kikaanguka mchangani karibu na mkeka.

"Nilijua lina ufa," Bazilio akasema, anahema. "Tangu kibandani nilijua. Niliuziba."

Niyitegeka aliokota kipande, akakikwangua kwa ukucha, akakinusa. Alikinusa tena.

"Asali," akasema taratibu. "Ni nta yangu hii."

Bazilio akampa lile gongo jekundu, la kwanza, ambalo hakumwuzia mtu. Niyitegeka hakulipokea hivi hivi. Alilipeleka kwenye mwamba wa goli, akaligonga mara tatu, ametega sikio, na Bazilio amesimama hapo hapo anatazama. Likalia. Ndipo akarudi mahali pake.

Loo, ule mkwaju! Ulilia mara moja tu, safi, na Omary hakuinua hata mguu. Mbili kwa mbili. Filimbi ya mwisho ikapigwa, Kibondo wakabebana, na Kasulu yote ikageuka kumtazama mtu mmoja. Wapo waliosema apigwe. Mwalimu Mansuri akasimama kati. Ntirampeba akakunja mkeka, akalitafuta debe, akalitundika begani.

"Twende nyumbani," akasema. Ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza katika wiki mbili.

Karibu na nyumbani mkewe akamwuliza, "Ulilisikia lilivyolia?"

"Nililisikia," akasema Bazilio, na machozi yakamtoka. Katika msimu wote hakukuwa na mkwaju mzuri kama ule, kwa gongo bora alilowahi kulichonga, na ulikuwa umeizika timu yake.

Asubuhi alipofungua kibanda, aliwakuta. Wachezaji wa Kasulu, kumi na mmoja, kila mmoja na gongo lake. Alidhani wamekuja kumpiga, akaweka tupa chini ili asije akajitetea nayo. Hawakumgusa. Omary akainama, akang'oa ukoka juu ya lile jiwe la mlangoni, akaligonga gongo lake akatega sikio. Likalia. Akasogea, akaja mwingine. Mmoja mmoja, mbele ya macho yake, na Bazilio akasimama kulisikiliza kila gongo mpaka la kumi na moja.

Yote yalilia.

"Mazima, mzee," akasema Omary. Wenzake walikwishaanza kuondoka. Naye akageuka, akasita kidogo. "Wallahi, mwaka mzima hatukuyagonga."