Kaa Watatu kwa Bi Swafiya

Niliondoka nyumbani Tudor kwa sababu Bi Swafiya wa Ndia Kuu alikuwa amerudisha chaza alizouziwa na mama mdogo. Alikuta ndani yake kaa wadogo kama njegere, akasema zina wadudu. Yeye ndiye mpishi wa harusi. Akikataa yeye, mtaa mzima hukataa. Mama mdogo akanipa kaa watatu ndani ya chupa ya maji ya bahari.

"Bintiye anasomea viumbe vya bahari. Aseme yeye."

Asubuhi tuktuk ilinishusha Marikiti. Wachukuzi walipiga kelele, "Njia! Njia!" nami nimeikumbatia chupa. Kaa wawili walitoka katika chaza moja: mmoja laini, mweupe, wa mviringo, mwenziwe mdogo, mgumu, wa kahawia. Wa tatu alitoka katika kombe, aina nyingine ya gamba la baharini, naye laini kama yule wa kwanza. Kwangu mimi, wale laini ndio waliokuwa ndugu.

Ndia Kuu nilisimama sana mlangoni kabla ya kupiga hodi.

"Karibu," akasema Bi Swafiya. "Kaa."

Nikamnyooshea chupa.

"Nimekwambia ukae, mwanangu, sikukwambia unipe kaa!"

Alicheka hata bintiye, Salma, akatoka kutazama.

Salma aliwaweka kwenye sahani nyeupe, akachukua kioo cha kukuzia.

"Hawa wa chaza ni mume na mke," akasema.

"Na hawa laini?" nikanong'ona.

"Wote majike. Lakini tazama ncha za miguu. Wa chaza, zinalingana. Wa kombe, za nyuma ni ndefu zaidi. Nadhani hata jenasi yao si moja, ila nitatazama viungo vya mdomo kabla sijawapa jina."

"Na chaza wameziozesha?" mamake akauliza.

"La, mama. Wanaishi humo, wanadokoa chakula chake."

"Kumbe ni wageni wa kula tu, kama shemeji zangu!" Akanigeukia. "Mwambie mamako mdogo alete za Ijumaa. Lakini wageni awatoe kwanza."

Niliporudi Tudor, mama mdogo alikuwa akipasua chaza.

"Amesemaje?"

"Anazitaka Ijumaa."

Akashusha pumzi. Kisu chake kikaibua kaa mwingine. Badala ya kumtupa, akanitilia kiganjani.

"Haya, huyu naye ni nani?"

Zamani ningejibu papo hapo kwa kuona ulaini wake. Nilimgeuzia kwenye mwanga, nikaanza na miguu.