Kipande Chetu cha Barabara

Leo asubuhi hapa Xiaobei nimekwenda kuulizia mzigo wangu wa viatu, laoban, yaani bosi wa duka kwa Kichina, akanigeuzia simu nione. Lori limenasa huko kaskazini kwao, theluji imefunika barabara. Kwenye video mashine zinasukuma ule weupe pembeni, na wakazi wanatangaziwa: ondoeni magari, tokeni mkiwa na shida tu. "Mei banfa," ananiambia, hakuna la kufanya. Nikacheka. Bosi wangu, kwetu Upareni mashine tulikuwa sisi.

Usinibishie, rafiki yangu. Theluji hatuna, ila mvua ya mawe ikiamua, barabara ya mlimani inakuwa nyeupe kama imemwagiwa chumvi, na utelezi wake utalia. Basi baragumu linapigwa: msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Kila nyumba ina kipande chake cha kusafisha. Usipotokea, kuku wako analiwa na waliotokea, harufu unaisikia ukiwa kwako.

Ila kipande cha mtu hakiguswi. Kinagawanywa akishakufa. Kumchotea mtu mawe akiwa hai ni kama kumchimbia kaburi anakuona.

Siku moja mawe yalipoanguka hivyo, nikiwa mdogo nalelewa na bibi, mama alikuwa anarudi kutoka Dar. Mara ya mwisho kuniona nilikuwa kibogoyo, sasa meno yalishaota. Lori alilopanda likasimama chini ya mlima, dereva akatuma mtu: jua likizama njia haijasafishwa, anageuza na abiria wake wote. Bibi akashika koleo, mimi sufuria ya ugali. Vidole viliuma mpaka kwapani.

"Mume wangu," bibi akanitania, "unachota au unayabembeleza?"

Tukamaliza. Wote wakamaliza, kasoro kipande cha jirani yetu, mama mtu mzima aliyekuwa kitandani na homa. Watu wamesimama na majembe, kila mtu anaangalia miguu yake. Mimi naangalia jua.

Nikamvuta bibi kitenge. "Tuchote tu, bibi, hatatuona."

"Atatuona kila siku atakayoishi," akasema, akaenda kwa jirani.

Wakatoka wawili, jirani kajifunika blanketi, kamshika bibi bega. Akainama, akachota mawe kiganja kimoja, akayatupa mtaroni.

"Haya, nimeanza mwenyewe. Nisaidieni sasa, nyie mnaosubiri kunizika."

Watu wakacheka, majembe yakaingia. Lori likapanda linaguna. Mama akashuka, akanitazama, akamuuliza bibi, "Mwanangu yuko wapi?" Nikamcheka na meno yangu yote mapya, ndipo akaniangukia shingoni.

Bibi hayupo, jirani naye hayupo. Siku hizi greda linapita, kazi imekwisha, wala si ubaya, wasafiri wanafika. Nilipokwenda nyumbani mara ya mwisho nilitaka kumwonyesha mdogo wangu kipande chetu. Nikasimama pale katikati ya barabara, nikashindwa kujua chetu kinaishia wapi na cha jirani kinaanzia wapi.