Prosesa Iliyokuja Ndani ya Soksi

Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ilinifikia ikiwa ndani ya soksi. Mdogo wangu, ambaye wakati huo alikuwa akifanya kazi Uarabuni, alimpa rafiki yake aliyekuwa anarudi nyumbani, na huyo rafiki akaniletea hadi kwenye lango la shule. Ndani ya soksi kulikuwa na kikasha cha plastiki, na ndani ya kikasha kibamba cha mraba kisichozidi biskuti, chenye vijiti vidogo vingi upande wa chini. Nilishukuru, nikakirudisha kwenye soksi, nikakiweka juu ya kabati karibu na kopo la sukari. Kilikaa pale muhula mzima.

Nilikuwa mwalimu wa hisabati katika shule ya bweni ya wasichana, nje kidogo ya mji wa Machakos. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nyumba yangu ilikuwa ya mwisho kwenye safu ya nyumba za walimu, imepakana na ua wa katani. Sikuwa na mume wala mtoto, jambo ambalo walimu wenzangu walilishughulikia kwa bidii kuliko mimi mwenyewe. Nilichokuwa nacho, mbali na kitanda na vyombo, ni kompyuta.

Nayo haikuwa yangu hasa. Mdogo wangu aliiunda mwenyewe, kipande baada ya kipande, kwa ajili ya michezo: magari ya mashindano, mpira, vita. Alipopata kazi ng'ambo aliniachia, akaniambia nisiiache ishike vumbi. Magari niliyajaribu, nikaingia mtaroni kila kona. Mpira haunihusu. Lakini humo ndani kulikuwa na drafti, na drafti naijua.

Drafti nilifundishwa na baba, kwetu Kola. Ubao wake aliuchora mwenyewe kwenye kipande cha plaiwudi, na kete zilikuwa vifuniko vya soda, vyangu vikitazama juu na vyake vikiwa vimefudikizwa. Tulicheza kila jioni saa kumi na mbili, kazi za shamba zikiwa zimeisha na chakula kikiwa bado jikoni. Baba alikuwa mzito wa kucheza. Alishika kifuniko, akakisugua kwa kidole gumba, akakirudisha, akatazama mlangoni, akaniuliza habari za shule, akakishika tena. Mimi nilikuwa mtoto wa haraka na nilikereka, ila sikuthubutu kusema. Hakuwahi kunihubiria kwamba haraka haraka haina baraka. Alikaa tu, na mimi nikakaa, mpaka alipoamua kuweka.

Alipofariki nilikosa mtu wa kucheza naye. Mjini wanaume walicheza kwenye vibaraza vya maduka, wamekalia kreti za soda, na niliposimama kutazama walinipisha nipite. Siku moja nilimwambia mmoja wao kwamba ameacha kete mbili ambazo angeweza kuzila. Aliinua macho akaniuliza, "Madam, unatafuta duka gani?"

Kwa hiyo nilicheza na mashine, na mashine ile ilikuwa nzito kama baba. Mdogo wangu alikuwa ameiweka kwenye kiwango kigumu kabisa, na kwa prosesa yake kuukuu kila zamu yake ilikuwa safari. Nikishasogeza kete, kile kisaa cha mchanga kilitokea kwenye skrini, feni ikavuma, nami nikanywa chai nikingoja. Mara nyingine niliiuliza, "Umeona nini?" Mwalimu mzima. Sikuona haya, maana hapakuwa na wa kunisikia. Katika kungoja kule nilihisi kuna mtu upande wa pili anayenifikiria, mimi na kete zangu. Kutwa nzima hakuna mwingine aliyenifikiria kwa muda mrefu namna ile.

Ndiyo maana soksi haikushuka kabatini. Jumapili mdogo wangu alipiga simu, na swali lilikuwa lile lile.

"Umeweka?"

"Bado. Sijapata fundi."

"Dada, hiyo mashine iko pole kama punda ya maji. Weka hiyo kitu, itaruka. Nikikuja Desemba nataka tucheze ile gari mpya, na sasa hivi haiwezi."

Alikuwa ameinunua kwa jasho lake, katika joto la huko, na kila nilipoitazama soksi nilikumbuka hivyo. Desemba angekuja kwa mara ya kwanza tangu aondoke. Akiikuta zawadi yake juu ya kabati angenyamaza, na ukimya wake naujua. Nisipoiweka, nitamuumiza. Nikiiweka, nitampoteza mwenzangu wa jioni. Nilikuwa nawafundisha wasichana kutatua milinganyo ya kila aina, na huu wangu wa nyumbani ulinishinda.

Shule ilipofungwa mwezi wa Agosti, wasichana walienda kwao na walimu wakafuata. Ile kelele niliyoilalamikia muhula mzima iliondoka yote siku moja. Nadhani ukimya ndio ulionisukuma. Nilijiambia nitafanya jambo moja la kumfurahisha mtu. Nikaifunga mashine kwa leso, nikaipeleka mjini kwa fundi, mtu mzima mwenye miwani ambaye kibanda chake kilinukia risasi ya kuchomelea. Alipuliza vumbi, akaing'oa prosesa ya zamani, akapaka grisi nyeupe kidogo, akaiweka mpya na kufunga feni juu yake.

"Sasa utaona," aliniambia.

Niliona. Jioni hiyo nilimimina chai, nikasogeza kete ya kwanza, na kabla sijainua kidole kwenye mausi mashine ilikuwa imeshajibu. Nilidhani nimebofya vibaya. Nikacheza tena, ikajibu. Tena, ikajibu. Kisaa cha mchanga hakikutokea hata mara moja. Ilinifunga kabla chai haijapoa, na nilipoanza mchezo mwingine ikawa kama nabishana na mtu anayenikatiza kila neno. Nilizima. Hapakuwa na kengele, hapakuwa na nyimbo kutoka bwenini, hapakuwa na mwalimu wa zamu wa kufokea mtu. Nilikuwa peke yangu, na nililia vile ambavyo sikuwa nimelia tangu mazishi ya baba.

Kesho yake nilirudi kwa fundi na mzigo wangu.

"Imeharibika?"

"Hapana. Nirudishie ile ya zamani."

Alinitazama juu ya miwani. "Madam, watu hukuja hapa kulia ati mashine iko pole. Wewe unalia iko haraka?"

"Nirudishie tu."

Alicheka, lakini alifanya kazi yake bila kuuliza zaidi, na ile mpya akaitia kwenye soksi yake.

Nyumbani kisaa cha mchanga kilirudi na feni ikavuma kama kawaida. Nikashika kikombe nikangoja. Lakini nilikuwa nimeshaona nilichokiona. Mashine ilikuwa inapiga hesabu zile zile ilizozimaliza jana kwa kufumba na kufumbua, na kule kukawia kwake kulikuwa uchakavu tu. Haikuwa ikinifikiria. Ilipocheza hatimaye, sikujibu. Niliiacha na mchezo wake nikaenda kukaa mlangoni.

Jumamosi nikaenda Kola. Tangu baba atutoke nilikuwa nikienda mchana na kuondoka mapema, kwa sababu saa kumi na mbili ya nyumba ile sikuiweza. Safari hii nilikaa. Mwaitu, kama tunavyowaita mama zetu, alikuwa kibarazani na ungo mapajani, anachambua muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa. Nilimsimulia yote, prosesa na soksi na fundi, maana sikuwa na mwingine wa kumsimulia. Nilitazamia acheke.

"Nilizoea vile baba alikuwa anafikiria," nilimwambia. "Anafikiria mpaka chai inapoa."

"Nani alikuwa anafikiria?"

"Baba. Kwa drafti."

"Huyo?" Aliendelea kuchambua. "Huyo alikuwa anaona mchezo yote mpaka mwisho. Usiku alikuwa ananiambia, leo huyu msichana angenifunga kama angeenda kushoto."

"Sasa mbona alikuwa anachelewa hivyo?"

"Mchezo ikiisha, si ulikuwa unachukua vitabu zako unaenda? Mimi niko jikoni. Ndugu yako ako nje na mbuzi. Yeye anabaki hapa pekee yake." Akapuliza makapi. "Alikuwa anakuchelewesha makusudi."

Nilikumbuka kidole gumba chake juu ya kifuniko, na maswali ya shule ambayo nilidhani ni ya kupotezea muda. Kumbe yalikuwa ya kupotezea muda kweli. Iliniuma na ikanifurahisha kwa pamoja, na hadi leo sijui ni kipi kilizidi.

Ubao niliukuta umefunika pipa la maji. Rangi ilikuwa imefifia lakini miraba ilionekana, na vifuniko vilikuwa bado kwenye kopo lake, darini jikoni. Niliufuta kwa kanga. Mwaitu hakuwahi kucheza hata mara moja. Jioni za nyumba ile yeye alikuwa jikoni.

"Leta, unionyeshe," alisema. "Lakini moja tu. Niko na sufuria kwa moto, na nikimaliza nalala."

Nilimwonyesha. Alicheza upesi, bila kutazama, kama anayeokota mawe kwenye muthokoi. Jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya vilima.

"Na hiyo kitu ya ndugu yako utafanya nini?"

"Nitaiweka, mwaitu. Wacha iende haraka vile inataka."

"Weka. Huyo mtoto atafurahi."

Kisha akasogeza kifuniko chake pasipofaa kabisa, akaacha vyote vilivyobaki wazi. Nikivila, mchezo umekwisha, naye atainuka aende kwenye sufuria yake, kisha kitandani, na kibaraza kitabaki na mimi. Niliuona mchezo wote mpaka mwisho. Nilishika kifuniko changu, nikakisugua kwa kidole gumba, nikakirudisha mahali pake. Nikatazama mlangoni, nikamuuliza habari za mbuzi.