Doli ya Mtihani

Leo nimechekwa na darasa nzima juu ya doli.

Tuko training hapa Thika, manesi wa watoto. Leo ilikuwa mtihani wa kusaidia mtoto mchanga apumue, tukitumia doli, na yangu ikapumua vizuri.

Halafu, bila kufikiria, nikaifunika na leso yangu nikaiambia, "Pole, cucu."

(Kwetu msichana huitwa cucu, yaani nyanya, juu amebeba jina la nyanya yake.)

Watu walicheka. Hata daktari anayetufunza, yule hachekangi. "Sister, hiyo ni plastiki."

Nikampatia doli ashike ndio nitoe glavu.

Akaendelea kufunza huku anaitingisha polepole. Kuiweka mezani, akaishikilia shingo, kichwa kisianguke nyuma.

Sasa niambieni, plastiki hushikiliwa shingo?