Bata Aliyetulia

Baba mwenye nyumba alizeeka akiendesha treni, na kwa sauti yake kubwa wapangaji walipata habari zake zote bila kutoka vyumbani. Alinong'ona sebuleni tu, mbele ya kabati la wanyama wadogo wa kioo cha kristali ambao kiwanda chao huko Ulaya kiliacha kuwatengeneza zamani. Malori ya madini yalitikisa mtaa usiku kucha, wanyama wakasogea kwenye rafu. Asubuhi aliwarudisha mmoja mmoja kwa vidole vyake vinene, miwani ikiwa juu ya kipaji cha uso, akiwagombeza. "Tembo, unaenda wapi? Kila siku weye tu."

Alipokwenda matangani Kambove, alimwachia ufunguo Mama Keren, mpangaji wa chumba cha nyuma, apanguse vumbi. Siku ya kwanza tu, bata akavunjika shingo mikononi mwake. Mama Keren akamuunga kwa gundi, kisha kwa hofu akamgandisha tumbo kwenye rafu, asianguke tena. Wengine hakuthubutu kuwagusa. Mzee aliporudi, Mama Keren alisimama mlangoni akiwaza atahamishia wapi vyombo vyake. Tembo alikuwa amefika ukingoni, twiga amegeukia ukuta. Bata peke yake alikuwa pale pale alipoachwa. Mzee akainama, akamtazama kwa muda mrefu.

"Mama Keren," akanong'ona, "huyu ulimuambiaka nini?"

Mama Keren akamnyooshea ufunguo. Mzee akamrudishia ufunguo.

"Basi, kesho utaongea na tembo."