Mashimo Tisa Kwenye Mchanga wa Mgodi

Mimi si mtu wa kutulia. Hata kanisani mke wangu hunishika goti ili kiti kisilie. Kwa hiyo siku aliyolazwa kujifungua, hapa Johannesburg mwaka 2016, nilitembea kwenye ile korido ya hospitali mpaka muuguzi akachoka. "Eish, baba, hamba," aliniambia, akanionyesha mlango.

Mama mkwe alimuunga mkono. Alikuwa amekuja kwa basi kutoka Lubumbashi kwa kazi hiyo moja, na kwao chumba cha uzazi ni cha wanawake. Mume anayezungukazunguka mlangoni, alisema, anampandisha mke presha. Na presha ndiyo iliyotukalisha roho juu tangu asubuhi. Ilikuwa juu sana, madaktari wakawa wanangoja ishuke kidogo ndipo wampasue. Mimba yetu ya kwanza tuliipoteza kwa presha hiyohiyo, na nusura tumpoteze na yeye. Sikutaka kwenda popote. Mama mkwe akamwita mwanawe, shemeji yangu, kinyozi wa mtaa wa Hillbrow, akamwambia, "Huyu, muondoe."

Sikujua tunakwenda wapi mpaka nilipogeuka nikaona fimbo za gofu kwenye kiti cha nyuma.

"Wewe una akili timamu?" nilimuuliza.

"Beau, tulia," alisema. Hilo, yaani shemeji kwa Kifaransa cha kwao, ndilo jina analoniita tangu nimuoe dada yake, na aliendelea kuendesha.

Kusini mwa jiji kuna vilima vya mchanga wa manjano uliotolewa ardhini enzi za dhahabu. Katikati ya viwili vya vilima hivyo, wazee waliostaafu migodini walijitengenezea uwanja wa gofu wa mashimo tisa. Hakuna jani hata moja. Kwenye viwanja vya matajiri mchanga ni mtego wa hapa na pale. Kwetu ulikuwa uwanja mzima. Shemeji aliingizwa na mzee mmoja aliyekuwa mteja wake wa kunyoa, na mimi nikaingizwa na shemeji, kwa shingo upande. Nilishacheza pale Jumatatu kadhaa, vibaya.

Kila mchezaji hutembea na kipande cha nyasi bandia kwapani. Unakitandika, unaweka mpira juu yake, ndipo unapiga, maana ukipiga moja kwa moja kwenye mchanga fimbo inazama na mpira hauendi popote. Mipira imepakwa rangi ya machungwa ili ionekane. Kuzunguka kila shimo wamechanganya mchanga na oili chafu ya magari, upepo usiupeperushe, na hapo ndipo ilipo sheria kuu. Ukishatumbukiza mpira, unachukua kipande cha zulia kilichofungwa kamba, unakiburuza kwa kuzunguka mpaka nyayo zako zifutike, ili anayekuja nyuma akute pasafi. Asiyeburuza haruhusiwi kucheza tena.

Kulikuwa na jambo jingine, na siku ile ndilo pekee nililolijali. Pale chini kati ya vilima simu haishiki. Inashika kwenye shimo la sita tu, ambalo liko juu begani mwa kilima.

"Twende la sita moja kwa moja," nilisema.

"Mashimo haturukake, beau. Wazee wanatuangalia."

Kweli, nyuma yetu walikuwepo wazee wawili na kofia zao, wanangoja zamu. Nikaanza kupiga kama mtu anayeua nyoka. Upepo wa Agosti ulikuwa unachota mchanga na kuutupa machoni. Kila nikifunga mdomo nilisaga chengachenga. Shimo la kwanza ardhi imekauka ikawa na gamba gumu la chumvi, mpira ukadunda na kupita mbali. La pili mchanga ni laini, ukatua na kuzama nusu. Shemeji alikuwa anaburuza zulia lake taratibu, duara ndani ya duara, na mimi nimesimama pembeni nimeshika simu isiyo na hata mstari mmoja.

Shimo la nne ndilo baya kuliko yote. Kuna korongo limechimbwa na mvua za zamani, na lazima mpira uruke ng'ambo. Wangu haukuruka. Nikasema uache, nina mwingine. Shemeji akaweka fimbo chini, akaanza kuteremka korongoni kuutafuta, anapapasa kila jiwe. Hapo nikapandwa na hasira.

"Dada yako anangoja kisu, wewe unatafuta mpira!"

Hakuinua kichwa. "Mi pia natafuta kitu ya kufanya, beau," alisema. Akageuza jiwe jingine. Nikateremka tukautafuta pamoja. Hatukuupata.

Kwenye shimo la sita simu ililia kabla sijaitoa mfukoni. Zilikuwa arafa zikiingia kwa mkupuo: mama mkwe alikuwa amepiga, akapiga tena, akapiga tena. Nikampigia.

"Mama, vipi?"

"Kuya."

"Nitakuja, mama, lakini niambie. Yuko mzima?"

"Mambo ya hospitali hatusemake ku simu. Kuya tu, mwanangu."

Akakata. Sisi tuliotoka makwetu tunajua maana ya mzee kukataa kusema kwenye simu. Msiba hautangazwi kwa simu. Unaitwa, unakwenda, unakalishwa, ndipo unaambiwa. Ile mara ya kwanza nilikuwa kazini, na alinipigia vivyo hivyo, kwa sauti ileile ya chini, akanikatia vilevile.

Shemeji alisoma uso wangu. Alifungasha fimbo. "Twende," alisema.

"Tumalize kwanza," nikasema.

Sijui ilitoka wapi. Tangu asubuhi nilikuwa namsukuma, sasa miguu yangu ilikataa kwenda kwenye gari. Nikatandika kipande changu cha nyasi pa kuanzia shimo la saba. Nikapiga, na mpira ukaenda sawasawa, pigo langu zuri kuliko yote maishani. Sikuona raha hata chembe. Nilitembea kuufuata polepole, nikautumbukiza, nikachukua zulia. Nikaburuza. Nikaanza upya katikati nikaburuza tena. Nilikuwa naogopa, nasema wazi. Nikiwa pale mchangani hakuna aliyekuwa amekufa.

Wale wazee walifika, wakasimama. Mmoja alivua kofia. Shemeji akaninyang'anya kamba, akaburuza alama za mwisho yeye mwenyewe, akanishika mkono kama mgonjwa mpaka kwenye gari.

Njia nzima robot, ndivyo taa za barabarani zinavyoitwa huku, zilitushika kwenye nyekundu, na nilizishukuru.

Mama mkwe alikuwa mlangoni pa wodi. Hakunisalimu, hakulia. Alinishika kiwiko akanipitisha vitanda, akavuta pazia. Mke wangu alikuwa macho, midomo imemkauka, na kifuani kwake kuna kitu kidogo chekundu kimekunja uso.

Nilishika chuma cha kitanda. Halafu nikamgeukia mama mkwe kwa hasira ambayo sikujua naibeba. "Kwa nini hukuniambia?"

"Baba anamuonaka mtoto na macho yake kwanza," alisema, akishangaa kwamba nauliza. "Ningekuambia nini ku simu?" Akatoka na mwanawe, akimgombeza kwa mchanga aliouingiza wodini.

Tukabaki wawili. Watatu.

"Mama amekupigia kitambo," mke wangu alisema. Sauti ilikuwa nyembamba. "Nilikuwa nauliza kila saa kama umefika. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nacheza gofu."

Akacheka, akashika tumbo kwa maumivu, akanitazama vizuri. Hakucheka tena.

"Niliogopa kuja," nikamwambia.

"Na mimi niliogopa hutakuja," akasema, akanisogezea mtoto.